Madaftari Mawili ya Redio ya Mkata

Jumatatu, 7 Februari 1955

Bwana Dunstan wa Maendeleo amepita leo na lori la Handeni. Ameniletea daftari jipya la redio, maana la mwaka jana limejaa mpaka kwenye jalada. Kwa haraka zake amenipa mawili. Nimemwita, lori likaniachia vumbi. Basi moja litakuwa la Serikali, na hili litakuwa langu.

La Serikali linataka mambo matatu: wamekuja watu wangapi, redio imesema nini, na watu wamesema nini juu ya hayo. Hili langu halijaniambia linataka nini, kwa hiyo nitaanza na adabu, nijitambulishe. Mimi ni Eliasi. Baba yangu, Habakuki, alikuwa Mnyamwezi aliyekuja Korogwe kukata mkonge miezi sita, akakata miaka thelathini. Mama yangu alikuwa Mzigua wa hapa hapa Mkata. Nina miaka arobaini na saba, mke mmoja Grasiana, kitambi ambacho mwaka huu kinaondoka bila kuaga, na sauti. Miaka kumi na tano nilikuwa mwita majina kwenye kambi ya mkonge. Alfajiri nikifungua mdomo waliamka watu, wakaamka na kuku.

Sauti hiyo ndiyo iliyonipatia kazi ya kutunza redio. Nafungua ukumbi saa kumi na moja jioni, nafunga saa kumi na mbili. Dar es Salaam ikisema sentensi, mimi nairudia kwa Kizigua, kwa sababu mabibi na mababu wetu wanasema Kiswahili cha redio kinakwenda mbio kama kinafukuzwa. Wengine wote wanaelewa, lakini nao wanapenda nirudie. Wanasema kwangu ina chumvi zaidi.

Watu 39. Mvua hakuna.

Jumatano, 9 Februari

Watu 41. Somo la kuchemsha maji. Mvua hakuna.

Jumamosi, 12 Februari

Mvua za vuli zilitupita, tunajua. Kila nyumba sasa inakula ndiga, kile kiazi cha porini ambacho usipokiloweka siku tatu kinakulaza chini. Na juu ya kila meko zinaning'inia mbegu: masuke ya mahindi yaliyofungwa mawili mawili, meusi kwa moshi. Mtoto analia njaa chini yake, mama anatazama juu, kisha anatazama pembeni. Hakuna anayegusa. Mbegu ya moshini haina njaa, wanasema hapa.

Na bado watu wanakuja ukumbini, wengine kutoka mwendo wa saa mbili. Mwinjuma, mtani wangu, anasema wanakuja kwa sababu hadithi ya redio haihitaji mboga. Huyu Mwinjuma ni Mzigua wa baba na mama, ana watoto saba na mdomo wa watu wanane. Kwa kuwa mimi ni Mnyamwezi, utani unampa ruhusa ya kunitukana mbele ya hadhara, na ruhusa hiyo anaitumia kama mtu mwenye deni la maneno.

Lakini mimi najua kwa nini wanakuja. Mwaka jana, mwezi wa saba, Dar es Salaam walipiga ngoma ya Kizigua, ya kuchezea mavuno. Sikuwa na la kutafsiri. Bibi Mashavu, mjane, mkongwe kuliko barabara hii, alisimama katikati ya ukumbi akauliza, "Wametujuaje?" Tangu siku hiyo hajakosa jioni hata moja.

Jumanne, 15 Februari

Leo sauti imeanza kunyong'onyea. Daftari hili halisomwi na mtu, basi na liniambie mjinga. Betri ile ilitolewa itumike saa moja tu kwa siku, ifike mwezi wa sita. Mimi nimekuwa nikiifungua saa sita mchana, ukumbi ukiwa mtupu, nisikilize muziki wa dansi. Si kusikiliza tu. Nimecheza na ufagio. Grasiana alinikuta mara moja akasema, "Huyo mwenzio mwembamba, usimvunje."

Leo hatucheki.

Jumatano, 16 Februari

Imekufa.

Alhamisi, 17 Februari

Jana nilifungua ukumbi kama kawaida. Watu 44. Nikazungusha kitufe, kimya. Nikaona nyuso zile zote zimeinuliwa kuelekea kwangu, mbavu zinahesabika, na Bibi Mashavu mbele kabisa na kigoda chake. Nikawaza Bwana Dunstan akisikia, Mkata itanyang'anywa redio na mimi nitarudi mkongeni na mgongo huu. Nikainamisha sikio kwenye kitambaa cha redio, nikasema, "Tumeagizwa tubane sauti ili betri idumu. Nitasikia mimi, niwaambie." Kisha nikaanza kuwaambia.

Niliwaambia nini? Daftari la mwaka jana lilikuwa mezani. Nikalifungua tarehe ile ile ya mwaka jana, nikasoma kwa Kizigua: Gavana amezuru Iringa, somo la mbu na maji yaliyotuama, kitendawili. Kitendawili walikitegua kwa pamoja kwa kishindo. Wamekiona kipya.

Leo tena, tarehe 17 ya mwaka jana. Hakuna aliyeshtuka. Habari za Dar es Salaam za mwaka jana na za mwaka huu zinafanana kama ndugu.

Jumatatu, 21 Februari

Watu 47. Nimeanza kuogopa jinsi ninavyouweza uongo huu.

Alhamisi, 24 Februari

Mzee mmoja aliyekuja leo aliuliza, "Na mvua? Redio inasema nini juu ya mvua?" Nikageuza karatasi. Tarehe ile ya mwaka jana walizungumza juu ya kuosha mikono. Nikamwambia, "Leo hawajasema, mzee." Akaitika, "Basi kesho."

Kila mmoja ananiuliza hilo sasa. Njiani, kisimani, mlangoni. Hawanisalimii habari za nyumbani, wananisalimia habari za mvua.

Jumatano, 2 Machi

Usiku sikulala. Nimetazama ukurasa wa kesho. Tarehe 3 Machi 1954, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Bwana Shamba amesema wakulima wa Handeni watoe mbegu, mvua iko karibu. Watu 44. Wamefurahi." Mwaka jana mvua ilinyesha tarehe sita.

Nitaruka ukurasa huo. Nitasoma wa kuosha mikono.

Alhamisi, 3 Machi

Sikuuruka.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kulikuwa na wingu upande wa Korogwe, jeusi, la kweli, wote tuliliona. Mwinjuma akapaza sauti kutoka nyuma, "Mnyamwezi, uliza hicho kisanduku: tupande au tuendelee kutafuna mizizi kama nguruwe?" Watu wakacheka, kisha wote wakasogea mbele wangoje jibu, na kungoja kule nikakuogopa kuliko kitu chochote maishani mwangu. Niliinamisha sikio kwenye redio iliyokufa. Nilijiambia: wingu hili hapa, na mwaka jana ilikuwa hivi hivi, na mtu anayeshinda na njaa anahitaji neno. Nikasema kwa Kizigua, "Bwana Shamba anasema, wakulima wa Handeni, toeni mbegu. Mvua iko karibu."

Hawakupiga makofi. Walinyanyuka kimya, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kusali, wakaenda kuzishusha mbegu.

Ijumaa, 4 Machi

Nimepita mashambani. Kila mahali majembe. Mwinjuma na watoto wake saba kwenye mstari, mdogo anatupia mbegu shimoni tatu tatu akizihesabu kwa sauti. Kwake hakuna suke lililobaki juu ya meko. "Zote," aliniambia, akionyesha kule nyumbani kwake, moshi mtupu. "Redio haijawahi kunidanganya. Mwanamke wangu, ndiyo. Wewe, kila siku. Redio, bado."

Bibi Mashavu alikuwa amepiga magoti pembeni ya shamba lake. Alichomeka mkono ardhini, akautoa, akautazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimepanda nusu, mwanangu. Nusu kwa ajili ya redio yako."

"Na nusu nyingine, bibi?"

"Kwa ajili ya mkono wangu." Akapangusa vumbi. Vumbi tu, hata rangi ya udongo haikushika.

Jumapili, 6 Machi

Manyunyu. Robo saa. Watoto wamecheza uchi barabarani. Mwinjuma amekuja kunikumbatia; alinukia udongo. Nimekwenda kanisani nikashukuru kwa sauti kubwa mno, mpaka mwalimu wa dini akanitazama.

Alhamisi, 10 Machi

Jua.

Ijumaa, 11 Machi

Imeota. Majani mawili mawili, kijani kibichi, mistari yote ya Mwinjuma. Jua.

Jumatatu, 14 Machi

Jua. Watu 52. Kutoka daftari la mwaka jana nimeruka kurasa tano, kwa sababu mwaka jana wakati huu redio ilikuwa ikisema juu ya palizi na kuwashukuru wakulima kwa bidii. Nilisimulia hadithi ya fisi niliyopewa na mama yangu. Nikasema ni ya Dar es Salaam. Bibi Mashavu alinitazama muda mrefu. Hadithi hiyo huenda yeye ndiye aliyempa mama yangu.

Jumatano, 16 Machi

Majani yanajikunja mchana kama vidole vya mtu anayeshika kitu. Jioni yanajaribu kufunguka. Leo jioni hayakufunguka.

Mbegu ambazo hazikuota zimefukuliwa na kanga. Wanakuja makundi asubuhi, wanatembea kwenye mistari kwa utaratibu, kama vibarua wangu wa zamani. Watoto wanawafukuza kwa mawe, lakini mtoto mwenye njaa hatupi mbali.

Ijumaa, 18 Machi

Nimeungama. Na haya ndiyo yaliyotokea.

Nilimfuata Mwinjuma shambani. Alikuwa amechuchumaa akishika mche mmoja, umekauka ukawa rangi ya karatasi. Nikaona nikisubiri kidogo tu nitakimbia. Nikasema, "Mwinjuma, redio haikusema tupande."

Hakuinua kichwa. "Ilisema nani?"

"Mimi. Betri imekufa tangu mwezi wa pili. Nilikuwa nasoma daftari la mwaka jana. Mimi ndiye niliyesema."

Akanitazama. Nikaona uso wake unabadilika, nikajiandaa kupigwa. Kisha akaangua kicheko. Alicheka mpaka akaketi juu ya mistari yake iliyokufa, machozi yanamtoka. "Wee Mnyamwezi! Wee mtumwa wa mkonge! Mtu shamba lake limekufa, na wewe unakuja kumchekesha! Haya, na mvua umeificha wapi? Chini ya kitanda cha Grasiana?"

"Mwinjuma, si utani. Naapa."

"Naye anaapa! Mtani wa kweli ni huyu!" Akanishika bega ili ainuke. "Mungu akubariki, ndugu yangu. Sijacheka tangu vuli."

Kufika jioni alikuwa amewaambia wote. Nilipofungua ukumbi kila mtu alinisalimia, "Bwana Redio, tuachilie mvua basi!" Watoto pia. Na mimi, daftari, mimi nilicheka nao.

Jumamosi, 19 Machi

Grasiana peke yake ndiye hakucheka. Amesema, "Ulimwambia kweli, siyo?" Nikaitika kwa kichwa. Akaendelea kuchekecha unga wa ndiga. Baadaye akasema, "Basi nenda Korogwe ukalete betri. Kitu hiki kiseme chenyewe."

Jumanne, 22 Machi

Korogwe. Nimepanda lori la mihogo mapema, nimefika mchana. Mbele ya duka moja karibu na stesheni watu walikuwa wamejaa barazani wakisikiliza redio ya mwenye duka. Nikasimama nao. Nikaisikia sauti ya Bwana Shamba, ile ile nzito, nisiyoisikia tangu Februari.

Alisema, "Ndugu zetu wa Handeni na wa mabonde ya Korogwe, narudia tena, kama nilivyowaambia kila wiki tangu mwezi uliopita. Msitoe mbegu. Mwaka huu mvua zimechelewa. Manyunyu ya siku moja yasiwadanganye."

Kila wiki. Alikuwa akituambia kila wiki, na mimi nilikuwa nimeukalia mdomo wake.

Nilishika nguzo ya baraza. Mzee mmoja akaniuliza kama ni homa.

Nimempa mwenye duka saa yangu ya mfukoni, ile niliyopewa kambini kwa kuita majina bila kukosea. Yeye akanipa betri mpya. Saa na betri, wala hatukubishana. Kisha nikaketi posta, nikaomba wino, nikaandika barua kwenda Dar es Salaam, kwenye kipindi cha barua za wasikilizaji cha Alhamisi. Nimeandika yote. Betri, muziki, ufagio hapana, lakini mengine yote. Nikauliza: watu wa Mkata wafanye nini sasa? Nikaweka jina langu chini. Nikaitumbukiza sandukuni kabla akili haijanirudia.

Ilinirudia kwenye lori, tulipokuwa tunavuka mto.

Alhamisi, 24 Machi

Betri iko kwenye tenga chini ya kitanda. Sijaifunga kwenye redio.

Nimepiga hesabu ya woga. Nikiifunga, Bwana Shamba atasema mbele ya wote, "kama nilivyowaambia kila wiki." Na Alhamisi yoyote wanaweza kusoma barua yangu. Nisipoifunga, hapa hakuna wa kusikia. Nimekaa kitandani juu ya betri hiyo kama kuku anayeatamia nyoka.

Jumatatu, 28 Machi

Bibi Mashavu ameniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, siku hizi mbona redio inaongea na wewe peke yako?"

"Tunabana betri, bibi."

"Mm," akasema. Halafu, baada ya muda, "Mm."

Alhamisi, 31 Machi

Kipindi cha barua. Redio imekufa, nami nimeketi karibu yake nikitokwa jasho kana kwamba inasema. Huenda huko Korogwe, kwenye lile baraza, jina langu limesomwa leo. Kesho madereva watakuja nalo.

Jumamosi, 2 Aprili

Madereva wamekuja na chumvi. Hawajasema kitu. Mtoto wa tatu wa Mwinjuma amevimba miguu.

Jumatatu, 4 Aprili

Sasa hili.

Mwinjuma na wazee watatu walikwenda kwa Bibi Mashavu kuomba ile nusu yake. Ndizo mbegu pekee zilizobaki Mkata nzima, masuke kama hamsini. Kuna mawingu tena juu ya milima ya Usambara. Watu wanatembea wakitazama juu, wanajikwaa. Bibi amekubali. Amesema atagawa suke moja moja kila nyumba, lakini kwa sharti. Wote wakaja ukumbini kuniambia.

"Amesema nini?" nikauliza.

Mwinjuma akajibu kwa heshima, bila tusi hata moja, na hilo ndilo lililonitisha. "Amesema zikipotea hizi, hatutakuwa na mbegu hadi watoto wetu waoe. Kwa hiyo zipandwe siku redio itakayosema. Alhamisi tutakuja wote, Bwana Redio. Utusikilizie vizuri."

Jumanne, 5 Aprili

Nimetafuta tarehe 7 Aprili katika daftari la mwaka jana. "Muziki. Hotuba ya Kwaresima. Watu 30." Hakuna kitu. Nimejikuta nikitafuta kurasa nyingine, mwezi mwingine, neno lolote la kuwapa. Mkono ulikuwa unatafuta wenyewe. Nimelifunga daftari hilo kwa kamba na kumpa Grasiana aliweke.

"Lichome," nikamwambia.

"Silichomi," akasema. "Ni la Serikali. Na lilikuwa kweli, mwaka wake."

Alhamisi, 7 Aprili

Naandika kabla jua halijazama, ili nisije kesho nikakumbuka nilivyokuwa shujaa.

Saa kumi nilitoa betri chini ya kitanda nikaifunga. Saa kumi na moja nikafungua mlango. Sikuhesabu watu. Walikuwa mlangoni, madirishani, juu ya ukuta. Bibi Mashavu mbele, na tenga la mbegu kati ya miguu yake. Nikazungusha kitufe hadi mwisho.

Redio ilipiga kelele kama mtu aliyeamshwa. Watu waliruka. Kisha wakacheka kwa furaha, "Ee! Imepona!" Mwinjuma akapiga kigelegele cha kike. Nikatafsiri habari. Nikatafsiri tangazo la Ijumaa Kuu. Kisha mtangazaji akasema, "Na sasa barua zenu. Barua ya kwanza imetoka Mkata, wilaya ya Handeni."

Ukumbi ulipaa. "Mkata! Sisi! Wametutaja!" Mtu alinipiga mgongoni. Niliwatafsiria wazee: wametutaja. Bibi Mashavu alishika mdomo kwa mkono.

Mtangazaji akasoma: "Mimi ni Eliasi Habakuki, mtunza redio ya Mkata. Nimewaangamiza watu wangu."

Nyuma, waliozoea Kiswahili walielewa kwanza. Niliona vichwa vikigeuka. Mbele, wazee bado walikuwa wananitazama mdomoni, wanatabasamu, wanangoja Kizigua changu chenye chumvi.

Nilikuwa na nafasi. Sitajificha hapa. Ilinijia kwamba ningeweza kusema neno jingine kwa wazee, jambo la salamu, jambo la Pasaka. Ulimi wangu ulishajua njia hiyo, umeipita wiki saba nzima. Nikamtazama Bibi Mashavu na lile tenga.

Nikasema kwa Kizigua, "Anasema: mimi ni Eliasi, nimewaangamiza watu wangu."

Nikaendelea. Sentensi kwa sentensi, barua yangu mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kuita majina. Betri ilikufa kwa ujinga wangu, nikatafsiri. Nilisoma maneno ya mwaka jana, nikatafsiri. Niliwaambia wapande, wakapanda mbegu zao zote, nikatafsiri. Mahali pa "zote" sauti ilikatika, nikarudia.

Kisha Bwana Shamba akajibu. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alisema, "Kwa watu wa Mkata: kama mmebakiza mbegu, irudisheni moshini. Msingoje redio wala msingoje mtu. Mvua ikinyesha, chimba kwa jembe. Udongo ukiwa umelowa shubiri moja kwenda chini, hapo panda. Usipolowa shubiri, usipande, hata nikikuambia mimi. Wakati huu pandeni vipande vya mihogo mabondeni penye unyevu." Nikatafsiri yote, hadi lile la "hata nikikuambia mimi." Kisha wakapiga muziki, nami nikaufunga, kwa sababu ulikuwa ni ule wa ufagio.

Nilisikia mtoto akijikuna.

Mwinjuma alikuja kutoka nyuma. Watu walimpisha. Akasimama mbele yangu, karibu, macho mekundu. "Uliniambia," akasema. "Shambani. Uliniambia, nami nikacheka."

"Nilikuambia."

"Ulicheka na wewe."

"Nilicheka."

Alinitazama. Nilingoja tusi, lingenisaidia. Hakutukana. Alitoka nje bila kunigusa, na nadhani hatutataniana tena hadi mmoja wetu azikwe, na pale ndipo mwenzie atakapolazimika kutania, kama watani wafanyavyo msibani.

Wengine wakaanza kutoka. Mmoja alitema mate mlangoni. Mwingine, mzee, aliniuliza kwa upole kama kweli wametaja jina la Mkata mara tatu, nikamwambia mara tatu.

Bibi Mashavu hakunyanyuka. Aliketi na tenga lake mpaka ukumbi ukabaki na sisi wawili.

"Rudia," akasema.

"Yote, bibi?"

"Pale pa shubiri."

Nikarudia. Akapima shubiri yake hewani, dole gumba hadi kidole kidogo, mkono mwembamba, mweusi, wenye vumbi kwenye mikunjo. Akautazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua na mtu asiyemjua.

"Haya. Na itanyesha lini?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe, kwa mazoea. Nikaufunga. "Sijui, bibi."

Alinyanyuka, akajitwika tenga. Mlangoni akageuka. "Hiyo," akasema, "ndiyo habari ya kwanza uliyotupa tangu mwezi wa pili."

Ijumaa, 8 Aprili

Jua. Mawingu ya Usambara yameondoka. Mbegu zimerudi juu ya meko ya Bibi Mashavu. Moshi wake unaonekana hapa. Nimeshinda bondeni nikipanda vipande vya mihogo kwenye shamba la Mwinjuma, mimi upande huu, yeye upande ule.

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Bwana Dunstan anakuja kesho. Grasiana amenifulia shati la kazi, ili kama nitafukuzwa nifukuzwe nikiwa safi. Jioni nilifungua ukumbi nikidhani nitaketi peke yangu na redio. Wamekuja watu 9. Wamekaa mbali na mimi, karibu na redio. Bibi Mashavu mbele, na kigoda chake. Nilipoanza kutafsiri aliinua kidole: ngoja kwanza asikilize mwenyewe. Kisha akashusha kidole, nikatafsiri.

Nimeandika katika daftari la Serikali: watu 9. Redio imesema wakulima wa Handeni wasubiri, wapime shubiri. Watu hawakusema kitu. Mtunza redio aliwadanganya kuanzia tarehe 16 Februari mpaka tarehe 6 Aprili, na barua yake iliyosomwa tarehe 7 ni ya kweli. Mvua hakuna.

Kisha nimeandika hayo hayo hapa. Ni mara ya kwanza madaftari haya mawili yanafanana.